Tupeni Gitaa Kwanza, Halafu Mtukane Muziki Wetu

Kuna kesi moja ambayo sisi vijana wa kambi tunasomewa karibu kila wiki, na hukumu hutoka kabla hatujajitetea. Kesi yenyewe ni hii: muziki wa zamani ulikuwa muziki, wa leo ni makelele. Mzee akipita kwenye kibanda cha kuchaji simu akakuta spika inapiga singeli au amapiano, anasimama, anatikisa kichwa: "Ninyi vijana ya leo munasikiliza nini? Franco alikuwa anaimba. Hawa wenu wanapiga fujo tu." Kwenye vikao vya wazazi ni hivyo hivyo. Kwenye mahubiri ni hivyo hivyo. Na mfanyakazi wa shirika aliyefika juzi, akishasikia hayo kwa wazee, naye anaandika kwenye ripoti kwamba vijana wameathiriwa na muziki usio na maadili. Ripoti inakwenda zake, sisi tunabaki na jina hilo.

Nataka kujibu. Lakini nieleweke mapema: simjibu mzee kwa sababu nauchukia muziki wake. Naupenda kuliko anavyodhani.

Nimezaliwa hapa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, na maisha yangu yote sijawahi kuingia ukumbi wa dansi. Kazi yangu ni kukaa na vijana: michezo, mazungumzo, sanaa. Simu yangu ina memori kadi iliyojaa Franco na OK Jazz, Tabu Ley na Mbilia Bel, Maquis Original, Mlimani Park, Super Mazembe, Les Wanyika. Wenzangu wananitania, wananiita Papa Zilipendwa. Jina nimelikubali, ila neno lenyewe silipendi. Zilipendwa maana yake kuna watu waliozipenda zamani, wakamaliza. Mimi nazipenda sasa hivi.

Na nitasema ninachokipenda, ili tusigombane hewani. Wimbo wa dansi wa wakati ule una sehemu mbili. Kwanza unaelezwa habari taratibu, kwa mashairi na kiitikio, mpaka uelewe nani kamkosea nani. Halafu waimbaji wananyamaza, magitaa yanapokea, seben inaanza. Sikiliza hapo. Gitaa la rithimu linashika kipande kifupi na kukirudia bila kuchoka. Mi-solo anajibu katikati. Solo anapanda juu, anacheza, anarudi. Besi anatembea chini yao wote. Ukitoa gitaa moja, wimbo unabaki na tundu. Solo akijiona yeye ndiye mwenye wimbo, akawafunika wenzake, utamu unakwisha na ukumbi mzima unajua nani kauharibu. Watu wale hawawezi kupiga namna ile bila kusikilizana, na kusikilizana huko hakuji kwa siku moja. "Mario" ya Franco, ya mwaka 1985, inapita dakika 10, na hakuna dakika ambayo ningependa ipunguzwe.

Nyimbo nyingi za leo zina dakika mbili na nusu, tatu. Kijana anapakua biti ya bure, anavaa hedifoni, anaimba peke yake kwenye chumba kilichozibwa kwa magodoro, kompyuta inamnyooshea sauti. Aliyetengeneza biti hajawahi kuonana na anayeimba. Kuna nyimbo nzuri humo na nitazitetea, lakini ule utamu wa watu kadhaa kusikilizana mimi naukosa. Mpaka hapo niko pamoja na mzee. Tunaachana njia anapotoa sababu. Anasema kilichopotea ni maadili, na kwamba ni sisi tuliokipoteza, kwa uvivu wetu. Yote mawili si kweli.

Muziki safi wa zamani uko wapi?

Tuanze na maadili. Mwaka 1978 Franco mwenyewe, huyu ambaye tunachapwa kwa jina lake, aliwekwa jela Zaire kwa sababu ya nyimbo zilizoonekana chafu. Huo si uzushi wa vijana, ni historia yake. Miaka 40 baadaye, 2018, Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania, BASATA, liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa kosa la aina hiyo hiyo. Basi mzee akiniambia kwamba "Mwanza" inaonyesha vijana wameharibika, namuuliza kwa heshima: zile nyimbo za 1978 zilionyesha nani kaharibika? Wakati ule kijana alikuwa yeye.

Mnasema wanamuziki wa leo wanaimba pesa na matangazo. Mwaka 1973 OK Jazz walitoa "Azda". Wimbo mtamu, wazee wetu wanafunga macho wakiusikia. Lakini Azda ilikuwa kampuni ya kuuza magari ya Volkswagen kule Zaire. Ni tangazo la magari, wazee wangu! Sijawahi kusikia tangazo zuri kuliko lile, lakini ni tangazo.

Mnasema wa leo wanasifia wakubwa ili wapewe bahasha. Mwaka 1984 Franco aliimba "Candidat na biso Mobutu", kuwaambia wananchi kwamba mgombea wao ni Mobutu. Humu kambini kuna wazee wanaomlaumu Mobutu kwa kila kitu, kuanzia barabara mpaka vita, na jioni wanaisikiliza sauti ile ile iliyompigia kampeni. Siwacheki. Na mimi naisikiliza. Ila msiniambie kwamba zamani mwanamuziki hakumjua mwenye pesa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Remmy Ongala. Mkongo mwenzetu, mtu wa Maniema, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, na baadaye akaongoza Super Matimila. Alifariki Desemba 2010, na mpaka leo kuna mahali Dar es Salaam panaitwa Sinza kwa Remmy. Fikirini jambo hilo, ninyi ambao mnahitaji kibali ili mtoke nje ya geti: Mkongo amekuwa jina la kituo katika jiji la watu! Huyo Remmy aliimba "Mambo kwa Soksi", kuwaambia watu watumie kondomu wakati UKIMWI unamaliza ndugu zao. Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Leo wazee wanamtaja Remmy kama mwalimu wa maadili, na mashirika yanatafuta kwa tochi kijana wa kuimba habari za kondomu. Wakati wake ulikuwa wimbo mchafu. Kumbe na uchafu nao ukikaa muda unakuwa zilipendwa.

Siyasemi haya kumshusha Franco wala Remmy. Nayasema ili tuache kudanganyana. Muziki ule ulikuwa mkubwa pamoja na uchafu wake, matangazo yake na siasa zake. Ukubwa wake haukutokana na usafi. Sasa ulitokana na nini?

Nani alinunua magitaa?

Hapa ndipo nataka wazee na mashirika mkae chini tusikilizane. Tazameni majina ya bendi za Tanzania za wakati ule. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki. Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima la Taifa. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, kisha ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Polisi walikuwa na bendi. Jeshi walikuwa na bendi. Na Vijana Jazz, jina hilo mlishike vizuri, ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba mwanamuziki alikuwa na mshahara. Magitaa, ngoma, tarumbeta na spika vilikuwa vya shirika. Kulikuwa na mahali pa mazoezi, ukumbi wa kupiga mwisho wa wiki, na Radio Tanzania ya kurekodi. Kijana aliyejua kidogo aliingia akakaa nyuma ya wanaojua zaidi, akajifunza mwaka, miwili, mitano. Mtoto wa maskini hakulazimika kununua gitaa ndipo awe mpiga gitaa. Bima walinunua. Kiwanda cha vitenge kilinunua. Kampuni ya teksi ilinunua.

Wakongo waliokuja Dar es Salaam, akina Maquis na Makassy, hawakubebwa na mashirika hayo. Lakini waliingia katika mji uliokuwa na kumbi, na watu wenye mishahara wa kulipa kiingilio, na bendi nyingine za kushindana nazo. Kwa hiyo wakang'ara. Mtindo mmoja wa Maquis uliitwa Kamanyola, jina la mji ule wa bonde la Ruzizi, katikati ya Bukavu na Uvira, ambao wengi wa wazazi wetu wanaujua kwa miguu yao. Watu wa Dar es Salaam walitokwa jasho kwa jina la kwetu.

Halafu ikaja miaka ya 1990. Mashirika mengi ya umma yakauzwa, mengine yakafa, na bendi zikakosa mtu wa kununua hata nyuzi. Miaka hiyo hiyo kompyuta ikaingia studio, redio za watu binafsi zikafunguliwa, na vijana wa mitaani waliokuwa na maneno lakini hawana magitaa wakaanza kuimba juu ya biti. Bongo Fleva ikazaliwa. Tuseme ukweli: vijana hawakulitupa gitaa. Hawakuwahi kupewa. Walishika kilichokuwepo, wakakifikisha mbali kuliko mtu yeyote alivyotegemea. Na kwetu Kivu miaka hiyo hiyo ikaleta vita. Mtu anayekimbia usiku na watoto wawili mgongoni na mkononi habebi amplifaya.

Na msiseme vijana wa leo wameukataa muziki wa wazazi. Mwaka 2019 Diamond alitoa "Inama" na Fally Ipupa, mwaka 2020 akatoa "Waah!" na Koffi Olomide. Aliyemfuata mwenzake ni nani hapo? Kenya, mwishoni mwa 2024, vijana waliufufua "Kasongo" wa Super Mazembe, wimbo wa miaka ya 1970, wakamtania nao rais wao mitandaoni. Watoto wale hawakuwa wamezaliwa wimbo ulipotoka, wala hata baadhi ya wazazi wao. Sikio la zamani tunalo. Mkono ndio hatuna, kwa sababu mkono haufundishwi na memori kadi.

Mashirika yale na mashirika haya

Zamani neno shirika likitajwa kwenye habari za muziki, maana yake ni yule aliyenunua magitaa. Hapa kambini neno ni lile lile, lakini shirika linanunua fulana.

Mnajua ninachokisema. Kila ikikaribia tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, kunatangazwa shindano la nyimbo. Kunakuwa na mada: usafi wa mikono, ndoa za utotoni, kuishi kwa amani na majirani. Mada ni nzuri, sina ugomvi nazo, dada zangu wanaolewa wakiwa watoto na naliona kwa macho yangu. Lakini angalieni utaratibu wenyewe. Kijana anapewa wiki mbili. Anatafuta biti mwenyewe. Anaimba ujumbe. Waamuzi wanahesabu ujumbe umetajwa mara ngapi, kwa sababu ripoti inataka ujumbe. Mshindi anapewa fulana yenye nembo, anapigwa picha, spika ya kukodi inapakiwa kwenye gari, kwaheri mpaka mwaka kesho. Nilipouliza katika kikao cha shirika moja kama tunaweza kupata magitaa mawili badala ya fulana, nilijibiwa kwamba bajeti ina mstari wa "uhamasishaji", haina mstari wa "vyombo". Nikauliza mstari wa vyombo unaandikwa na nani. Kikao kikahamia ajenda nyingine.

Sasa wenye kusema nyimbo zetu ni za kitoto, hazina uzito, zinafanana: kwa utaratibu huo mlitegemea nini? Mnatuagiza uji wa dakika mbili, halafu mnatulaumu kwamba hatupiki pilau.

Tena muutazame ujumbe wenyewe. "Mambo kwa Soksi" haukutoka kwenye semina. Ulitoka kwa mtu aliyekuwa ameshashika gitaa miaka mingi, mwenye bendi iliyomzoea, mwenye watu wanaomwamini kwa sababu aliwachezesha kwanza. Ndiyo maana alipowaambia jambo gumu walicheka wakalibeba mpaka nyumbani. Ujumbe uliotangulia muziki unasikika kama tangazo la mgawo wa chakula: unasikiliza tarehe yako, unaondoka.

Ushahidi uko kanisani

Mtu atasema: hata mkipewa magitaa, vijana hawa wa simu hawatakuwa na subira. Namjibu, nenda kanisa lolote kubwa la kambi hii siku ya Jumapili. Utakuta kijana wa miaka kumi na saba anapiga solo, mwenzake besi, binti yuko kwenye kinanda, na sifa zinapofika mwisho wanaingia seben ambayo hata Kinshasa wangeitambua. Ni vijana wale wale wa kibanda cha kuchaji simu. Jumamosi wanasikiliza singeli, Jumapili wanapiga rumba ya Bwana. Tofauti ni nini? Kanisani kuna vyombo, hata kama ni viwili vimefungwa kwa gundi. Kuna mzee anayefundisha. Kuna mazoezi mara mbili kwa wiki, mwaka mzima, si wiki mbili. Palipo na vitu hivyo vitatu, uvivu mnaousema haupo. Kwaya zetu ndizo NUTA Jazz ya kambi. Ila si kila kijana ana kanisa, wengine ni Waislamu, wengine kanisa limewakataa, na si kila wimbo ambao kijana anao moyoni unaimbika madhabahuni.

Wasio na kanisa wanafanya nini? Wanatengeneza. Kopo la mafuta ya msaada linakuwa tumbo la gitaa, ubao unakuwa shingo, waya za breki za baiskeli zinakuwa nyuzi. Franco naye alianza na gitaa la kujitengenezea akiwa mtoto, kwa hiyo sioni aibu. Lakini Franco hakuishia hapo. Alitokea mtu akamwekea gitaa la kweli mkononi. Waya ya breki inakata vidole na haikai kwenye sauti. Mtoto anapiga miezi mitatu, anajiona hafai, anaacha. Kumbe kisichofaa ni waya.

Vidole vinavyoondoka

Ninaandika kwa hasira kwa sababu muda wenyewe si mrefu. Humu kambini wapo watu waliopiga muziki Uvira, Baraka, Kalemie, Bujumbura, kabla ya kukimbia. Si majina makubwa. Ni watu wa bendi za mji, za baa, za harusi, za migodini. Mmoja ninayemfahamu alikuwa mpiga besi. Leo analima mchicha nyuma ya nyumba, na ukimpa gitaa la kopo vidole vyake vinajua pa kwenda kabla hajafikiri. Anafundisha vijana wawili bure, chini ya mti, jioni akitoka shambani. Hakuna orodha inayomhesabu. Kambi ina orodha ya kila kitu: wenye ulemavu, wajawazito, mafundi cherehani, waashi. Wapiga muziki hawamo.

Desemba 2021 UNESCO iliiweka rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa binadamu wote. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini urithi huo hauishi Paris kwenye karatasi. Unaishi kwenye vidole, na baadhi ya vidole viko hapa, vimejaa udongo. Kila mwaka vinapungua. Wazee wawili wa aina hiyo tumeshawazika. Mwingine amepata safari ya nchi ya tatu, huko aliko ni mlinzi wa usiku. Wengine wanafikiria kurudi. Mzee akiondoka hivyo, anaondoka na kipande cha mi-solo ambacho hakikurekodiwa popote. Na tukishamzika, tutarudi kwenye kibanda cha simu kumlaumu mtoto wa miaka kumi na tano kwamba hapendi muziki wa zamani.

Najua jibu litakalonijia: chakula kimepunguzwa, dawa hazitoshi, wewe unadai magitaa? Mimi nakula mgawo ule ule, sihitaji kukumbushwa. Lakini sijaomba gitaa litolewe kwenye mahindi ya mtu. Naomba litolewe kwenye fulana. Pesa ya burudani na uhamasishaji ipo, inatumika kila mwaka, na inakwisha jioni moja. Swali langu ni kwa nini inanunua kitu kinachochakaa badala ya kitu kinachofundisha.

Ninachodai

Kwa mashirika. Moja, nunueni vyombo, hata vichache: magitaa matatu, besi moja, ngoma, amplifaya moja ya kutumia sola. Viwe vya kituo, visimamiwe na kamati ya vijana na wazee, vyenye daftari la kuazima kama mipira. Mbili, mlipeni mzee anayefundisha posho kama mnavyomlipa mhamasishaji wa usafi, kwa sababu naye anafanya kazi. Tatu, acheni mafunzo yaende mwaka, na mwaka wa kwanza msidai ujumbe wowote. Acheni watoto wajifunze kupiga kwanza. Ujumbe wanao, hamna haja ya kuwaandikia. Nne, rekodini wazee. Simu inatosha. Msisubiri mtaalamu kutoka nje.

Kwa wazee wetu. Heshima yenu iko palepale. Lakini mzee anayejua kupiga na hafundishi, kisha anatukana, huyo anatuonea. Na mzee asiyejua kupiga, ambaye kazi yake ilikuwa kucheza tu, akumbuke kwamba aliingia kwenye ukumbi uliojengwa na wengine. Nanyi mlikuwa vijana wa fujo. Baba zenu walisema hivyo hivyo juu ya gitaa la umeme.

Kwa vijana wenzangu, msicheke, zamu yenu imefika. Mnasema nyimbo za wazee zinachosha, hazichangamki. Mmezisikiliza mpaka wapi? Mnaruka kwenye dakika ya pili, wakati seben iko dakika ya tano. Mtu asiyeweza kumsikiliza mwenzake dakika kumi hawezi kupiga naye gitaa, na kwa kweli hawezi hata kukaa naye kwenye kikao. Chukueni wimbo mmoja, zimeni vingine vyote, fuateni gitaa moja tu mwanzo mpaka mwisho. Kesho yake fuateni lingine. Msipopenda baada ya hapo, rudini kwenye amapiano yenu kwa amani, nami nitacheza pamoja nanyi, maana naicheza vizuri.

Hayo ndiyo majibu yangu kwa kesi tunayosomewa. Tupeni gitaa, mtupe mwalimu, mtupe miaka mitatu. Miaka hiyo ikiisha bado tunapiga makelele, njooni mtutukane hadharani, na mimi Papa Zilipendwa nitahamia upande wenu. Kabla ya hapo, kila anayetaka kutuchapa kwa jina la Franco aanze kutuonyesha risiti ya gitaa alilotununulia.